Jina Kwenye Daftari la Gråhaug

Oslo, 12 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Sisi wazima, ila watoto wana mafua.

Mama, una miaka sabini na sita, baba hatunaye tena, na mwezi uliopita ulianguka mlimani ukakaa kwenye matope mpaka jirani yako Halvard akakuokota. Chumba chako hapa kwetu kiko tayari. Mnunuzi nimeshampata, tuiuze nyumba kabla theluji haijaanguka.

Mwanao, Ingunn

Gråhaug, 19 Oktoba

Mwanangu Ingunn,

Marahaba. Mkono umepona na chakula nakula kama mchukuzi. Wajukuu wape pole. Wangekuwa wanacheza nje, mafua yasingewaona.

Nyumba siuzi. Kuanguka si kufa. Mimi na baba yako tulipanda mlima Gråhaug kila mwezi miaka arobaini, kwa miguu wakati wa matope, kwa skii, mbao za kutelezea, wakati wa theluji, na kila mara tuliandika majina yetu kwenye daftari lililomo kwenye sanduku la bati kule kileleni. Basi tuwekeane sharti. Kuanzia Novemba hadi Aprili, jina langu likikosekana mwezi mmoja tu, nitakuja Oslo nikae dirishani kama paka. Likiwepo miezi yote, hutataja tena kuuza.

Mama yako, Torbjørg

Oslo, 26 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nimekubali, kwa sababu Februari ya huko naijua.

Mwanao, Ingunn

Gråhaug, 6 Januari

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya, na salamu kwa wote. Novemba nilipanda na mvua ya mawe. Desemba kahawa iliganda kikombeni. Zamu ya Januari nimeimaliza leo, na Halvard, anayeniita bibi kizee, nimempita mara mbili mlimani. Mwambie mnunuzi wako apumzike.

Mama yako, Torbjørg

Gråhaug, 27 Februari

Ingunn,

Natumaini hamjambo. Mimi nimelala wiki tatu kwa homa ya mapafu. Sikukuandikia kwa kuwa ungekuja na lori.

Jana Halvard aliniletea supu huku akitabasamu. Kumbe tarehe 12 alipanda akaniandikia jina.

"Ulikuwa unaumwa, Torbjørg," akasema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikamwambia. "Chukua supu yako uende."

Hapa kwetu mtu husamehewa uongo wa ukubwa wa samaki aliyemvua, si wa daftari. Daktari anasema nisitoke. Kesho napanda kulifuta jina lile. Umeshinda, mwanangu, na inaniuma.

Mama yako, Torbjørg

Oslo, 9 Machi

Mama,

Shikamoo. Simu hupokei, barua hujibu. Halvard anasema uko hai ila humsemeshi mtu. Nakuja Pasaka na karatasi za nyumba.

Mwanao, Ingunn

Mezani jikoni, Jumamosi ya Pasaka

Mama,

Shikamoo. Nimekuta mlango wazi, wewe hupo, skii zako hazipo. Nimepandwa na hasira, nikachukua skii za baba nikakufuata. Nimeanguka mara tano na wewe sikukuona, lakini daftari nimelisoma.

Penye tarehe 12 Februari jina lako limekatwa. Chini yake umeandika: "28 Februari. Hapo juu ni uongo, sikuja. Torbjørg."

Mama, ulilikataje bila kufika? Na Februari ilikuwa bado haijaisha. Machi upo. Aprili upo, ya leo asubuhi. Nimelia kule juu mpaka nikasahau kuandika jina langu. Karatasi za nyumba nimezitia kwenye jiko la kuni. Kuuza sitataja tena.

Mwanao, Ingunn

Nyuma ya karatasi hiyohiyo, jioni

Ingunn,

Marahaba. Nilishuka kwa njia ya mtoni, ndiyo maana tumepishana. Nimekukuta umelala kwenye kochi na viatu vyako, sikutaka kukuamsha.

Siku ile nilipanda kufuta, sikupanda kutembea, kwa hiyo sikuihesabu. Lakini kama wewe uliyetaka kuuza unaihesabu, mimi ni nani nibishe?

Ila umefika kileleni hukuandika jina. Basi hujafika. Kesho saa mbili asubuhi tunapanda.

Mama yako, Torbjørg