Mbuzi wa Ayeeyo Lul

Jumanne, 9 Septemba 2025

Leo hatukusomea darasani. Mwalimu Kioko, aliyehamishiwa huku kutoka Kitui mwaka huu, alisema huduma kwa jamii haikai daftarini. Tutafute tatizo la mtaa wetu, Waberi. Hatukuenda mbali. Nyuma ya shule mbuzi wa Ayeeyo Lul, bibi jirani, amekufa — tumbo limefura. Nikasema apasuliwe tujue kilichomuua. Salah, mwenzangu wa darasani, akaniambia nina wazimu, kibudu hakiguswi. Mimi nikitaka kujua jambo sishikiki.

Ayeeyo akakubali. Upesi mno. Nilidhani atatufukuza kwa fimbo.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Mwalimu alivaa glavu, akapasua. Harufu — astaghfirullah! Ndani, bonge la mifuko ya plastiki, imekazana hata kisu kinakwama. Mwalimu alifurahi kweli. Akasema tufuatilie imetoka wapi, Jumamosi tuwaeleze watu barazani.

Mimi na Salah tuliosha mmoja. Mistari ya kijani. Mifuko hii imepigwa marufuku, lakini huvushwa kwa magendo mpakani, upande wa Liboi. Nani anaitumia hapa mtaani? Ayeeyo naye aliuliza hilohilo, akarudia, akarudia.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Kumbe! Kwetu ukiua mnyama wa mtu, hata bila kukusudia, wazee wanakaa na unalipa. Mbuzi kwa mbuzi. Mwalimu alidhani anafundisha usafi. Ayeeyo aliona anatafutiwa muuaji, tena na mwalimu wa serikali.

Na mfuko wa mistari ya kijani nimeuona. Jikoni kwetu, rundo zima chini ya meza. Hooyo, mama yangu, anafungia wateja wake nyanya.

Tuna mbuzi mmoja tu, na maziwa yake ndiyo anayokunywa mdogo wangu Siyad. Naogopa. Na bado swali halinitoki: wa kulaumiwa ni aliyeuza, aliyetupa, au sisi tunaoiruka mifuko hiyo njiani kila asubuhi tukienda shule?

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Nimemwambia Hooyo. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama Salah anajua. Nikamwambia hapana. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Naandika nikiwa barazani. Mwalimu anadhani nachukua kumbukumbu. Hooyo yuko mbele, Siyad mapajani.

Ayeeyo Lul amesimama. Anasema watoto wa shule wanamjua mwenye mfuko, basi waseme mbele ya wazee. Salah ananong'ona: sema hatukumpata, yaishe. Mwalimu ananipungia mkono nikaeleze tulichogundua. Amechangamka, maskini, hajui kitu.

Ningeweza kusema hatukumpata. Nani angejua?

Mbuzi analia nje ya ua. Namjua kwa sauti. Ni wetu — Hooyo amekuja naye.

Hooyo amegeuka, ananitazama. Mwalimu ameniita tena, Kowsar, njoo mbele. Nafunga kalamu, naenda.