Mbao mbichi za daraja letu

Byamungu, mwana wa dada yangu,

Ni mimi mujomba wako, yule ambaye kambi nzima ya Nakivale inamwita Tonton. Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye chuma cha daraja lako, miguu inaning'inia juu ya mafunjo. Mbao hakuna. Nitakueleza kwa nini, na ni heri usikie kwangu kabla wengine hawajakufikia huko.

Salongo ya Jumamosi haijafa. Bado watu wanakuja na majembe, bila kulipwa, wanafyeka ile njia uliyoipima kwa kamba, kutoka kanisani hadi ng'ambo ya kinamasi. Wakiuliza ni njia ya kwenda wapi, nawapa maneno yako: "Ya kutembea tu. Mutu atembee siku moja bila ndoo kichwani, bila kukimbia kitu."

Sasa sikia. Tulipokuzika, watu waliuliza nani atamaliza daraja. Unanijua, mdomo ulinitangulia. Nikasema vyuma hivi vya reli vya zamani navijua kama meno yangu. Kwamba kule Kivu nilijenga madaraja saba, na moja nililishikilia kwa mabega mpaka treni ikapita, mabehewa yote! Wakapiga makofi. Nikawa shefu wa kazi.

Nikaenda Ruti, pale ulipojifunzia useremala, nikarudi na mbao za kalitusi zilizopasuliwa asubuhi ile ile. Zilikuwa bado zinatoa maji. Nilikusikia kabisa: "Mujomba, acha mbao zilale kwanza, zikauke." Lakini shefu gani anangoja mbao zilale? Tukazipigilia zote kwa siku moja, tunaimba.

Kiangazi kikaja. Mbao zikajikunja kama ngozi ya mbuzi juani, zikang'oa misumari zenyewe. Na nani alipita wa kwanza? Neema, mke wako. Alikuwa anatembea tu, mikono mitupu, vile ulivyotaka. Mguu ukazama kati ya mbao mbili hadi gotini. Alichubuka, Mungu asifiwe, hakuvunjika. Hakunitukana. Aliniangalia tu, Byamungu. Afadhali angenitukana.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya salongo yote, kofia mkononi. Nikasema sijajenga daraja maisha yangu yote, hata la kuvusha mbuzi. Nilisema uongo kwa sababu... niliogopa kazi yako isije ikafa, nawe ukafa mara ya pili.

Halafu Neema akasema: "Tonton, tulijua tangu ile treni. Shika nyundo, ng'oa misumari. Hiyo utaweza."

Walicheka mpaka korongo wakaruka kwenye kinamasi. Nami nikacheka. Machozi yaliyotoka yalikuwa ya vumbi.

Tumeng'oa zote. Mbao mpya zimelala kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, kama ulivyokuwa ukizipanga. Kila Jumapili baada ya ibada nazigeuza mwenyewe. Watu wananiharakisha, hata pasta anauliza. Najibu: bado. Mimi, Byamungu! Mimi ndiye ninayesema bado.

Pumzika, mwanangu. Zikikauka tutazipigilia, na siku ya kuvuka nitakuwa wa mwisho, nyuma ya Neema, bila hata fimbo. Atakayeuliza nani alijenga daraja hili, nitamtajia jina moja tu, lako. Hilo nakuahidi, na ahadi hii haina treni ndani yake.

Mujomba wako