Jani Lililoitwa Masouda

Hail, Maskati

Mdogo wangu mpenzi Jaifar,

Assalamu alaikum. Nnataraji barua hii itakukuta mzima huko Unguja, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Sisi hapa Hail hatujambo, alhamdulillah. Mama magoti yanamsumbua, lakini sukari imetulia na ulimi wake mzima kabisa. Kila akimaliza kusali hukuombea dua, kisha hukulalamikia kwamba hupigi simu.

Ni yeye aliyenituma nikuandikie. Sababu utaiona mbele. Kwanza niache nikueleze mambo ya kazini, maana bila ya hayo hutanielewa.

Unajua kazi yangu ni visukuku, yale majani ya kale mno yaliyobaki ndani ya mawe. Unalikumbuka na lile jani tulilolipata milimani, nikaona halifanani na lolote lililokwisha kuandikwa, nikalitangaza kuwa ni la mmea mpya na kuupa mmea huo jina la Mama. Picha ya jani hilo Mama kaitundika majlisi, na kila mgeni huambiwa, "Masouda wa pili huyo." Nililitambua kwa umbo: ncha yake, ukingo wake, mishipa yake. Ndivyo nilivyosomeshwa, na kwa miaka mingi mtu akiokota jani kwenye jiwe alikuwa akiniletea mimi.

Mwaka huu akaja Noof. Kwao Khuwair ya Kusini, binti mwembamba, sauti ndogo, katoka kusoma nje. Yeye umbo halimshughulishi sana. Huchukua kijipande cha ngozi ya jani, ile nta ngumu inayolifunika, akakimulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, na mashine ikachora mstari wenye vilima na mabonde kufuatana na kemikali zilizomo. Anasema mimea ya ukoo mmoja mistari yake hukaribiana, na ngozi hiyo huweza kudumu hata jani likishakuwa kisukuku. Siku moja aliwaambia watu wa ofisini wamletee majani ya nyumbani kwao, wayakatekate asiweze kuyatambua kwa macho. Akapima, akasema huu mkunazi, huu mwarobaini, na haya mawili ni ndugu. Hakukosea hata moja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatoka, nikaenda kunywa chai peke yangu.

Wallahi Jaifar, sijapata kuona wivu kama ule. Mkurugenzi, ambaye hakuwa akifungua sanduku la mawe bila ya kuniita, sasa anauliza kwanza, "Noof kasemaje?" Nikamkaribisha nyumbani chakula cha mchana, nikidhani nikimzoea moyo utatulia. Kumbe Mama alimjua bibi yake toka Zanzibar! Walicheka mpaka Alasiri. Tangu siku hiyo, kila akija, Mama humchambulia samaki kwa mkono wake, nami niliyepika nabaki na kichwa. "Mwanangu Noof, umekonda." Miye hajaniambia nimekonda tangu nizaliwe.

Kisha Noof akapima jani la Mama. Alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango, akaniambia kwamba mstari wake unalingana kabisa na wa mmea mwingine, ulioandikwa na watu wengine kabla yangu. Kwa maoni yake ni mmea mmoja. Majani yao yalikua juani na langu kivulini, ndiyo maana maumbo yakatofautiana. Na mmea ukiwa mmoja, jina la kwanza ndilo linalobaki. La Mama linakwenda.

"Dada Shaikha, huenda nimekosea," akasema. "Sijamwambia mtu. Nipe kipande kingine nirudie."

Kipande kingine chenye ngozi kilikuwa kimoja tu, tena ndani ya droo ya meza iliyokuwa mbele yetu. Nikamjibu kwamba nitakitafuta.

Nilikaa nacho siku nyingi. Bila ya kipande hicho angesema nini? Ningesema jiwe limechafuka, watu wangeniamini mimi. Kila tukikutana aliniamkia kwa adabu, haulizi kitu. Laiti angeuliza, ningegombana naye nikapumua. Mwishowe nikangoja mpaka wenzangu walipokwenda kusali Adhuhuri, nikaiwasha mashine mwenyewe. Nikauweka mstari wangu juu ya ule wa mmea wa wale waliotangulia: kilima juu ya kilima, bonde juu ya bonde. Nililia, Jaifar. Kisha nikaosha uso, nikampelekea kipande mkononi, nikamwambia apime, na kwamba mimi nimeshapima.

Mama nilimwambia mwenyewe. Akauliza nani kaligundua kosa. Nikasema Noof.

"Akaja kukwambia wewe kabla ya mtu mwingine?"

Nikasema ndiyo.

"Akafunga na mlango?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mwandikie nduguyo."

Ndiyo sababu ya barua hii. Mama anataka kukuposea Noof, maadamu mwakani unarudi Maskati. Noof mwenyewe hajui lolote. Mama anangoja jibu lako ndipo aende kwao. Na mimi kila siku nimekuwa nikimwambia Mama kwamba barua imeshakwenda. Haikwenda. Nilikuwa namtafutia Noof kasoro ya kukuandikia. Ningependa nikwambie ana kiburi, au mchoyo, au mvivu. Hana hata kimoja. Jina la mama yetu limefutwa kwa kazi ya mikono yake, na bado siwezi kukwambia usimwoe.

Njoo Idi umwone, nawe umsikie mwenyewe anasemaje. Wivu ninao bado, usijisumbue kuniliwaza. Ila nakuomba jambo moja: siku hiyo ukiingia mlangoni, hata akiwa amekaa pale na Mama, niamkie mimi kwanza.

Wasalimie jamaa wote wa huko, wakubwa kwa wadogo. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Dada yako akupendaye,
Shaikha