Kutazama Vidole vya Nesi

Nachingwea, Alhamisi, Septemba 2006

Acha wacheke. Leo asubuhi mjomba kaniambia tena, mbele ya wateja walioniletea baiskeli nizitengeneze, "Mwanaume mzima unaenda kutazama vidole vya nesi?" Nimemjibu kwamba naenda, na wiki ijayo nitaenda tena.

Mwaka juzi shimo la dhahabu lilituangukia kule Namungo, mimi na rafiki yangu Saidi. Mimi peke yangu nilifukuliwa nikiwa hai. Tangu siku ile nikifumba macho udongo unanijaa mdomoni. Mganga wa mjomba alinichanja mara mbili, na udongo haukutoka.

Nesi Rehema wa hospitali, anayenitibu hofu hii, huniambia nilikumbuke shimo huku macho yangu yakifuata vidole vyake, kulia, kushoto, kulia. Siku ya kwanza nilitapika. Niliona aibu, nikasema sirudi, lakini… nilirudi. Safari ya tano shimo lilikuwepo bado, ila lilikuwa mbali, na mimi nilijua nimekaa kwenye kiti.

Sijapona kabisa. Usingizi bado nauogopa. Hata hivyo leo mchana nimekwenda Likunja kwa mama yake Saidi, niliyemkwepa muda wote huu, nikamsimulia mpaka mwisho.

Kaniuliza jambo moja tu. "Alikuwa peke yake, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nilimshika mkono mpaka ukapoa."

Akauchukua mkono wangu, akauweka shavuni kwake. "Miaka miwili," akasema, "nilidhani aliita akakosa wa kumwitikia."