Baiskeli Uliyonifungia Sebuleni

Mwanangu Emanueli,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwagiza mtu. Wasomi wa hapa Endamarariek wanaandika kwa kidole kwenye simu. Mimi nimeshika kalamu, na kisomo changu ni kile cha watu wazima, cha jioni baada ya kufunga ng'ombe. Nikikupigia unasema, baba niko na wageni, unakata. Haya, barua haikatwi. Na sikuiweka kwenye bahasha. Nampa dereva wa vitunguu anayekuja huko kwako Moshi, akitaka aisome, akitaka amsomee na utingo wake. Waijue hii habari.

Unakumbuka wewe ndiye uliyenialika. Baiskeli ya milimani alikuachia mgeni wako, ukanipa mimi, ukasema baba umenichosha na hadithi zako za baiskeli za Oldeani, sasa twende ukaendeshe nikuone. Huku msitu wetu una geti, una nyati na tembo, siyo wa kuingia na baiskeli kunyoosha miguu. Huko Moshi kuna msitu wa Rau, mtu anazunguka siku nzima hakanyagwi na kitu. Tukaipandisha juu ya basi mpaka Arusha, tukalala kwa shangazi yako, kesho yake tukapanda treni.

Pale stesheni ulinionea aibu, nilikuona. Yule kijana wa mizigo alitaka kuichukua baiskeli aipeleke behewa la nyuma, mimi nimeishika. Nikamwambia sijawahi kumwachia mtu nisiyemjua ng'ombe wangu, seuze hii. Ukanibembeleza mpaka nikaachia. Lakini kila treni iliposimama nilishuka kwenda kuichungulia, kama mtu aliyelaza ndama ugenini. Kituo kimoja treni ikaanza kuondoka mimi bado niko chini. Ulinivuta kwa koti, abiria wakacheka, na wewe ukacheka mpaka ukatoa machozi. Nilikukaripia, lakini nilifurahi. Tangu uanze hii kazi ya kutembeza wageni sikuwa nimekusikia ukicheka hivyo.

Na msituni niliendesha, usikatae. Wewe na baiskeli ya kukodi ulibaki nyuma unapiga kelele, baba badilisha gia, baba vaa kofia. Gia ni za wavivu. Nilipita chini ya miti mirefu, mbega wananiangalia kutoka juu na mikia yao myeupe, nikajisemea, kumbe bado.

Sasa lile la mferejini. Watu wanalisimulia vibaya, acha nilisimulie mimi. Enzi nabeba kahawa kule Oldeani, baiskeli zetu breki zilikuwa jina tu. Breki ilikuwa katambuga, kile kiatu cha tairi la gari. Unateremka na gunia lako, unakandamiza soli kwenye tairi la mbele, linanuka kuungua, unasimama. Hakuna aliyeteremsha gunia pale kama mimi. Uliza yeyote, ingawa wengi wameshakufa. Basi kwenye kile kiteremko cha kwenda kwenye mfereji wa mpunga, mguu ukaenda wenyewe pale unapopajua. Nani aliniambia kwamba matairi yenu yana meno? Tairi likaikamata katambuga niliyovaa pamoja na mguu, mimi nikapita juu ya usukani, nikaingia majini kichwa mbele. Yule mama aliyekuwa anapalilia mpunga alisema pole baba, huku amejiziba mdomo na khanga.

Yeye alicheka. Wewe hukucheka. Ulinitoa, ukaninawisha tope usoni kwa maji yako ya kunywa, ukanishikashika mkono kuangalia kama umevunjika. Ulikuwa umeteguka tu. Nilikuwa nasubiri ucheke kama kwenye treni ili na mimi nicheke, tuendelee na safari, maana nusu ya msitu ilikuwa bado. Ukasema polepole, "Baba, umezeeka."

Basi. Baiskeli tukaisukuma. Ukanirudisha nyumbani na basi, ukaifunga baiskeli sebuleni kwenye nguzo kwa mnyororo wenye kufuli la vinamba, ukaondoka. Mama yako hukumwambia namba. Mimi ndiyo kabisa.

Emanueli, unajua ninavyoishi na kitu hiki? Nakula ugali nakiangalia. Wageni wakija wanakizunguka ndipo wapate kiti. Nimejaribu mwaka uliozaliwa, nimejaribu mwaka niliomwoa mama yako, ingawa huo yeye anaubishia. Mzee Tluway, jirani yangu asiyejua hata kukaa juu ya baiskeli, kila akija kunywa chai anauliza, "Hivi aliyefungwa ni nani, baiskeli au wewe?" Namjazia kikombe ili mdomo wake upate kazi.

Fundi wa kuchomelea pale barabarani alisema anaukata huo mnyororo mara moja, nikamfukuza. Kilichofungwa na mwanangu hakifunguliwi na mchomeleaji.

Mkono umepona. Juzi nilisukuma toroli la mahindi kutoka shambani peke yangu, mama yako ni shahidi, japo alinuna. Mimi siombi ruhusa. Ila nimekaa na lile neno lako tangu siku ile, na kila nikilala linakuja na sauti yako, sauti ya mtu anayeogopa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko mnyororo. Unaniogopea, halafu unakaa mbali ambako huwezi hata kuniona kama nimezeeka au la.

Sasa sikiliza. Namba usinitumie kwa simu, wala usimpe dereva wa vitunguu. Njoo uifungue mwenyewe. Tutaipandisha basi, tutaipandisha treni, behewa la nyuma nakubali. Tumalizie ile nusu ya msitu. Na kama lile neno bado unalo, niambie tena nikiwa juu ya baiskeli, ukinipata.

Ni mimi baba yako, mwenye miguu yake yote miwili.