Kurasa Zilizofunikwa na Folda

Jumanne, Lumino

Kosa ni langu niliyeunganisha mitambo, si la Baba. Asubuhi mtandao ulikatika, folda ya parokia ikajitenga na seva pepe ya Linux inayopokea picha za skana, na kurasa zote za daftari la ubatizo alizokuwa akiskani zikaingia kwenye folda tupu iliyobaki mahali pake. Nilipoiunganisha tena folda ya parokia, ikazifunika. Nikadhani zimepotea!

Baba ni katekista, kulaumu hajui. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaanza upya.

Jioni niliitenganisha folda ya parokia, nikazikuta kurasa zote chini yake, nikazihamisha. Ile tupu sasa nimeifunga, haipokei kitu mtandao ukikatika.

"Baba, acha. Zimepatikana."

"Nasikia. Huu mmoja tu narudia."

Nikachungulia. Jina la marehemu Mama.

Nikaiacha skana iende polepole.