Aproni Yangu ya Dukani

Shoga, acha nikusimulie ya leo dukani.

Leo mimi na wenzangu tumemwambia bosi tunajiunga na chama cha wafanyakazi. Kwani wauza vitreni vya kuchezea, vile vya kuunganisha kwa gundi, si watu? Tunasimama kutwa, tunavuta harufu ya gundi, na ukiugua ni shauri yako.

Akacheka. Eti, "Chama cha nini? Nyinyi mnalipwa kucheza!"

KUCHEZA, shoga!

Halafu akawageukia wateja. "Nani atanikalia kaunta bure, kwa mapenzi tu ya treni?"

Bure! Na mijitu mizima ikanyoosha mikono, inasukumana.

Wa kwanza kunyoosha, mbele yangu, bila haya: mume wangu.

Mume wangu!

Sasa hivi yuko mbele ya kioo, anajipima aproni yangu.